Kivutio Namba Saba

Kasongo, tarehe 12 Februari 2024

Mjomba Antoine mpendwa,

Yambo sana, wewe na Mama Rosine na wote wa nyumbani huko Kabambare. Sisi tu wazima. Chimène wangu ameota jino la nne na sasa anauma kila kitu, hata biki hii ninayoandikia. Mihogo ya uani imeliwa na mbuzi wa jirani, na jirani amekana kwamba ana mbuzi. Mvua hazituachi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulishasema simu ya huko inakula maneno. Dady wa pikipiki atakuletea barua hii pamoja na sabuni mbili za Mama Rosine.

Neno lenyewe ni hili. Chama chetu cha Vivutio kimenipa kazi kubwa. Direkta Clovis anataka kijitabu cha rangi kitakachowaonyesha wageni mambo kumi ya kutazama kusini mwa Maniema, ya kale na ya asili. Anasema dunia nzima inatafuta mahali papya, na kwetu ni papya kabisa, maana hakuna anayefika. Nimeshaandika sita, kuanzia Nyangwe na soko lake la zamani kando ya Lualaba. Nimeandika kwamba mitumbwi ya huko ni mirefu na wavuvi wake ni wakarimu. Sijakanyaga Nyangwe tangu nikiwa darasa la tatu, lakini chama kimepata karatasi tu, mafuta ya pikipiki hayakutajwa.

Wewe umefundisha miaka thelathini na nne na umepita kila kijiji. Nitafutie vinne upande wako. Pango, nyumba ya kale, chochote kile. Direkta anapenda zaidi maporomoko.

Nami nitakuja kuwasalimu barabara ikikauka.

Mpwa wako,
Emmanuella


Kabambare, tarehe 9 Machi 2024

Mpwa wangu, bibi mkubwa wa vivutio,

Barua yako imefika baada ya siku kumi na tisa. Dady anasema alilala njiani mara nne, na sabuni moja imelala huko mpaka leo. Rosine anashukuru kwa ile iliyofika. Magoti yangu yanauma kama kawaida yao. Kuku wetu ameacha kutaga. Tumempa muda mpaka Pasaka ajirekebishe.

Nimefurahi kusikia kwamba kwetu kuna vivutio. Nimekaa Maniema miaka sabini bila kuvutiwa, kumbe kosa ni langu. Haya, pokea, naanzia mwisho.

Namba kumi ni barabara yenyewe, ya kutoka Kasongo mpaka hapa. Ina madimbwi yenye vyura wa kila rangi, na mgeni atapata nafasi nzuri ya kuwatazama, maana atakuwa ameshuka kusukuma pikipiki. Namba tisa ni nyumba ya mawe ya mfanyabiashara wa zamani, wa wakati wa misafara. Zimebaki kuta mbili. Mawe ya kuta nyingine mgeni anaweza kuyatazama katika majiko ya majirani, na akikaribishwa chakula asikatae. Namba nane ni maporomoko. Yapo, na urefu wake ni kama mlango wa kanisa. Mwambie direkta wako ayapige picha akiwa amelala chali.

Namba saba ni kilima kilicho nyuma ya Lusangi, chenye mawe meupe juu. Hapo sifanyi mzaha. Unakijua, ingawa hujakiona. Ndipo alipolala mama yako, dada yangu Victorine, mwaka wa tano sasa. Wachimbaji wa dhahabu wamekuja kutoka mashariki. Kilima cha kwanza wamekimaliza, wako kwenye cha pili, na chetu ndicho cha tatu. Nimewaambia pana kaburi. Wamenijibu kwa heshima kwamba makaburi huhamishwa.

Lakini nimesikia kwamba mahali palipoandikwa katika kitabu chenye muhuri hapachimbwi ovyo. Basi kiandike kilima hicho, mwanangu. Sema ni mahali pa ukoo, na kwamba mawe yaliletwa. Mengine yote ukitaka yafute, sitakasirika.

Unasema utakuja barabara ikikauka. Imekauka mara tano tangu tumzike.

Mjomba wako,
Antoine Muzaliwa


Kasongo, tarehe 2 Aprili 2024

Mjomba mpendwa,

Pasaka ilikuwa njema kwetu, na natumaini ilikuwa njema kwa kuku pia. Chimène ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Mume wangu Roger anawasalimu, amepata kazi ya kupaka rangi duka la Mhindi, karibu na soko, na sasa sisi sote tuna nguo zenye madoa ya kijani.

Direkta amecheka sana kwa barua yako. Barabara ameikataa, amesema mgeni asitangaziwe matope, atayakuta mwenyewe. Kuta mbili amezikubali. Maporomoko pia, na mahali pa urefu nimeandika kwamba ni wa kushangaza, jambo ambalo si uongo.

Kilima nacho amekikubali. Ila hapendi makaburi katika kitabu cha rangi. Anasema mgeni huja kupumzika, haji kuomboleza. Nami naona afadhali iwe hivyo. Nimepaandika kama mahali pa asili, kwa ajili ya uzuri wa mawe. Muhuri utakuwepo, na muhuri ndio ulioutaka.

Uniambie tu kama njia ya kupanda ni nzuri. Sipati nafasi ya kuandika mengi, kesho tuna semina.

Emmanuella


Kabambare, tarehe 20 Aprili 2024

Emmanuella,

Salamu kwa ufupi, Dady ameshawasha pikipiki. Rosine ni mzima. Kuku alitaga Ijumaa Kuu, akaokoka.

Usiandike kwamba ni mahali pa asili. Nakukataza, nami sijakukataza kitu tangu uache kula udongo. Mawe yale hayakuota. Unajua yalikotoka na unajua kwa nini. Kama kuandika hivyo kunakushinda, andika neno kaburi, ni herufi sita tu. Kama nalo linakushinda, futa namba saba yote, nitatafuta njia nyingine. Kisha niletee maneno niyasome kabla hayajachapwa.

Njia ya kupanda ni nzuri. Tumeipita watu wengi.

Mjomba


Kasongo, tarehe 18 Juni 2024

Mjomba wangu,

Yambo. Mtoto anatembea. Roger amemaliza duka.

Barua yako ya Aprili imenifikia tarehe 11 mwezi huu. Daraja lilichukuliwa na maji, Dady akakwama ng'ambo wiki nyingi, na kwa kutokuwa na la kufanya ameoa huko. Bahasha ilikuwa imelowa mpaka ndani. Yalisomeka maneno machache tu, na "nakukataza" lilikuwa mojawapo.

Kijitabu kilitoka Mei. Tulikizindua kwa soda na hotuba tatu, na utepe tuliokata ulikuwa bandeji. Ukurasa wa namba saba unasema hivi, nakunakilia ulivyo: "Karibu na Lusangi kuna kilima cha ajabu. Juu yake mawe meupe ya asili yanachomoza kutoka ndani ya udongo, yanang'aa jua likipanda, hasa baada ya mvua." Maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe, nikaona ni mazuri.

Watalii bado hawajafika. Lakini kijitabu kinatoka sokoni kuliko maandazi. Wanaokinunua ni wanaume wenye mabuti, na hawafungui Nyangwe wala maporomoko, wanafungua namba saba. Mmoja aliniuliza kama mawe yale yanaingia chini sana. Nilidhani ni mtu anayependa uumbaji wa Mungu. Nikamjibu kwamba yanaingia sana.

Jioni nikamsimulia Roger kwa furaha. Akaweka sahani chini, akaniambia kwamba kwa mchimbaji, jiwe jeupe linalochomoza ardhini ni alama kwamba chini yake kuna dhahabu. Hivyo ndivyo wanavyotafuta. Kila mtu Maniema anajua, hata watoto, isipokuwa mimi ninayeandika vitabu vya Maniema.

Ningeandika neno kaburi, wasingekinunua. Sikuliandika kwa sababu sikuweza. Nimekosa, Mjomba. Nifanye nini?

Emmanuella


Lusangi, tarehe 1 Julai 2024

Mpwa wangu,

Tazama juu ya barua, siko Kabambare tena. Nimehamia Lusangi, na kila asubuhi napanda kilimani na kiti changu cha kukunja. Rosine anasema nimekuwa mtalii uzeeni. Anakusalimu na anauliza kama mtoto ana meno ya kutosha kula karanga.

Watalii wako wamefika. Ni kumi na mmoja, na mabeleshi. Niliwafungulia kaye, daftari la wageni, kama inavyopasa mahali penye muhuri, nao wakaandika majina yao kwa adabu, mmoja mmoja. Penye "sababu ya safari" wote wameandika "utalii". Mkubwa wao anaitwa Bisimwa, mtu wa Kivu, mpole, hali chakula kabla ya kusali. Alinionyesha kijitabu chako. Namba saba imepigwa mstari kwa biki nyekundu.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa imeandikwa majiwe ya asili, inatokea ndani ya udongo. Na muhuri iko. Weye unasema hapana. Niamini nani?"

"Uamini miye. Ile majiwe ililetwa."

"Ililetwa na nani?"

"Na watu wa kwetu."

"Mwalimu, vita ikikuya, watu wanabebaka watoto, wanabebaka magodoro, wanabebaka hata mlango. Nani anabebaka jiwe na kupanda nayo kilima?"

Nikamweleza. Wewe nakueleza pia, si kwa kuwa hujui, ila kwa kuwa miaka mitano hakuna aliyethubutu kukutamkia. Sisi ni watu wa Nyangwe. Mtu wetu akizikwa mbali na Lualaba, kila jamaa anayemlilia huenda ukingoni maji yakipungua, huokota jiwe moja jeupe, hulibeba mwenyewe mpaka kaburini. Alizaliwa kando ya mto, basi tunamletea mto. Hakuna anayeleta mara mbili, wala hakuna anayebebewa na mwenzake. Mama yako ana mawe arobaini na moja. La kwanza ni langu. La Rosine ni dogo kwa sababu ya mgongo wake. Hata jamaa yetu André, aliyegombana na mama yako miaka kumi kwa ajili ya mpaka wa shamba, alileta, tena kubwa kuliko yote, alifika anahema mpaka tukamsamehe. Lako halipo.

Bisimwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni hadisi muzuri. Miye nitaamini siku nitaona na macho yangu mutu anapanda na jiwe. Lete mumoja."

"Wote walishaleta."

"Hakuna hata mumoja mwenye alibakia?"

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitakuita. Nilitaka uje kwa miguu yako na kwa moyo wako, au usije kabisa. Nikatazama mabeleshi yale kumi na moja, nikavunja kiapo changu.

"Amebakia mutu mumoja," nikamwambia. "Iko Kasongo."

Wametoa muda mpaka tarehe 10 Agosti. Ikipita, wataanza kuchimba, na mifupa ya dada yangu wataihamisha kwa heshima, na Bisimwa ataomba sala mwenyewe. Simchukii. Amebeba kitabu chenye muhuri, na kitabu kinasema ana haki.

Sasa ucheke kidogo, maana mimi nimecheka peke yangu juu ya kiti. Ungekuwa mtoto mwema, ukaja kwa wakati kama wenzako, leo tungekuwa hatuna wa kumwonyesha. Kosa lako ndilo akiba pekee tuliyobaki nayo.

Mjomba wako,
Antoine


Kasongo, tarehe 14 Julai 2024

Mjomba,

Sisi ni wazima. Leo sijui kusalimu zaidi ya hapo.

Mwaka ule ulinipigia simu Jumatatu kwamba mama anaumwa na ananiita. Jumanne asubuhi Dady alikuwa mlangoni, pikipiki inanguruma, na kifurushi changu kimeshafungwa nyuma. Nikamwambia akifungue, arudi wiki inayofuata, kwa sababu tulikuwa na semina ya siku nne na siku ya mwisho walikuwa wanagawa vyeti. Mama akafa Alhamisi. Semina yenyewe ilikuwa juu ya namna ya kupokea wageni. Cheti ninacho, kipo ukutani, kila anayeingia anakisoma.

Nikasema barabara mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, lakini nyinyi nyote mlipita. Mwaka wa kwanza niliona aibu kidogo. Wa pili nikaona aibu kwa sababu ya ule wa kwanza. Imekuwa inazaana tu. Kama Nyangwe nimeiandika bila kwenda, si kwa sababu ya mafuta. Ningefika ukingoni ningeyaona mawe.

Namwogopa mama, Mjomba. Namwogopa kuliko Bisimwa.

Nitaondoka mwisho wa mwezi, nianzie Nyangwe. Roger atabaki na mtoto. Naomba unijibu haraka jambo moja: jiwe liwe la ukubwa gani?

Emmanuella


Lusangi, tarehe 22 Julai 2024

Mwanangu,

Kadiri unavyoweza kubeba mwenyewe.

Usimwachie Dady alishike. Pikipiki ikizama, ashuke yeye asukume, asikuombe upunguze mzigo. Kijitabu chako kinasema kutoka Kasongo mpaka Lusangi ni mwendo mfupi wenye mandhari ya kupendeza. Basi ulete viatu vya kubadilisha, na nguo ya mvua ingawa ni kiangazi.

Rosine ameshafika hapa na kuku. Tunakungoja wewe, na kuku anangoja asichokijua.

Kuhusu kumwogopa mama yako, hata mimi nilimwogopa, na nilikuwa kaka yake mkubwa. Hakuwahi kumfukuza mtu aliyefika na mzigo.

Mjomba


Kasongo, tarehe 3 Septemba 2024

Mjomba Antoine, Mama Rosine, yambo, yambo sana.

Nimefika nyumbani. Mgongo bado unauma na sitaki upone upesi. Chimène amenikataa siku nzima, kisha akanikubali. Roger anamshukuru kuku, alikula mguu niliomletea ndani ya jani.

Ya kilimani uliyaona, siyarudii. Ila ya Nyangwe hukuyaona. Wavuvi si wakarimu kama nilivyoandika. Wa kwanza aliniambia niondoe miguu yangu kwenye wavu wake. Lakini mama mmoja anayeuza samaki aliniona nainama, naokota, narudisha, naokota. Akaniuliza, "Ni ya nani?" Nikasema, ya mama. Hakuuliza tena, akaacha samaki wake kwa nzi, akaingia majini mpaka magotini kunitafutia mahali penye meupe. Nilipochagua, akaniambia, "Iko kubwa." Nikamwambia nimechelewa. Akasema, "Basi iko sawa."

Siku mbili nililipakata mapajani kama mtoto. Dady alinililia alifunge nyuma, nikakataa. Tulianguka mara tatu, na mara zote tatu nililiokoa jiwe, nikaiacha pikipiki na mwenyewe waokoane. Sasa nakubaliana nawe kwamba barabara ile ilistahili kuwa namba kumi.

Nami sikukusimulia habari ya Bisimwa. Nilipokuwa nimeliweka jiwe langu na kulala pale juu ya mawe ya watu wote, nililia mpaka Mama Rosine akafikiri nimezimia, nikamwambia mama kila kitu, hata habari ya cheti. Nikainuka, nikamwona Bisimwa ameshika kofia mkononi na wenzake wamekaa juu ya mabeleshi yao. Wewe ukaanza kukunja kiti. Yeye akanisindikiza kuteremka.

"Dada," akaniuliza, "ile kitabu ni weye uliandika?"

Nikakubali.

"Uandike ingine. Ile iko na bongo, inadanganya." Akatembea kidogo. "Miye mama yangu nilimuacha Walungu. Tulikimbia, sijue hata nani alimuzika. Siye kwetu hatuna desturi ya jiwe." Tulipofika chini akavaa kofia, akaniuliza kama kule Lualaba nilikotoa jiwe kuna dhahabu. Nikamwambia akachimbe tu, mto ni mkubwa. Akacheka, akaenda.

Dady anasema wameruka kilima chetu, wako kwenye cha nne.

Direkta anachapa kijitabu upya, kwa sababu cha kwanza kimekwisha, na bado anaamini kilinunuliwa na wapenda mandhari. Nimekataa kutoa namba saba na nimekataa kuiacha ilivyokuwa. Sasa inasomeka hivi, na safari hii nakuletea kabla haijachapwa:

"7. Kaburi la Victorine, nyuma ya Lusangi. Mawe arobaini na mawili ya Lualaba, yaliyobebwa na watu. Hakuna kitu cha kuona. Anayekwenda huko anajua anakwendea nini."

Direkta ameisoma mara mbili, akavua miwani. Akaniuliza, kwa maneno hayo ni nani atakayekwenda. Nikamwambia ni mimi, Desemba, na mtoto wangu.

Akasema Desemba mvua zitakuwa zimeharibu barabara yote. Nikamwambia najua.

Mpwa wako,
Emmanuella